Nguvu Zikipungua, Daktari Aambiwe Nini?

Mwanamume anaingia katika chumba cha daktari na kueleza habari za mgongo wake. Anapimwa, anaandikiwa dawa, anasimama, anachukua kofia yake. Mkono umekwisha fika kwenye kitasa cha mlango ndipo anapogeuka na kusema, "Daktari, lipo na jambo jingine dogo." Jambo hilo dogo ndilo lililomleta. Mgongo ulikuwa kisingizio tu, na wakati huo mgonjwa mwingine amekwisha itwa.

Wanyarwanda wana msemo kwamba machozi ya mwanamume hutiririkia tumboni. Msemo huo umelea watu wengi wavumilivu, lakini katika chumba cha daktari hauna faida hata kidogo. Askari anayeweza kueleza kwa utulivu jinsi alivyojeruhiwa pajani hushindwa kutamka kwamba yeye na mkewe hawajakutana kwa muda wa miezi 5. Ukurasa huu, ambao kwa kawaida ni wa mapishi, malezi na matunzo ya nyumba, leo unapenda kusema na baba mwenye nyumba. Mama naye asiondoke, maana habari hii ni yake pia.

Tumfikirie sajini mmoja wa Kanombe, hapa Kigali. Si mtu fulani. Tumemwumba kwa ajili ya maelezo haya, na msomaji asihangaike kumtafuta. Ana umri wa miaka 39. Amerudi kutoka kazi ya kulinda amani katika Jamhuri ya Afrika ya Kati. Ana watoto 2, na mkewe angependa kupata wa 3. Tangu arudi, sajini huyu anaamka akiwa amechoka, kiuno kimenenepa, hasira ziko karibu, na hamu ya mambo ya ndoa imemwondoka polepole kama maji ya kisima wakati wa kiangazi. Rafiki yake wa ukumbi wa mazoezi amekwisha mpa jina la ugonjwa na dawa yake kwa pamoja. Kwa hiyo sajini amekwenda hospitali akiwa na maneno manne tu kichwani: "Ninahitaji sindano ya testosteroni."

Daktari aliye mwema atamjibu hivi: "Afande, hiyo uliyoitaja ni dawa. Mimi nataka kwanza kuusikia ugonjwa."

Jibu hilo linaweza kumwudhi mtu aliyejipa moyo njia nzima mpaka akafika. Lakini daktari ana haki, na ni vema tuone kwa nini.

Testosteroni ni homoni, yaani kitu ambacho mwili hukitengeneza kwa kiasi kidogo sana na kukisafirisha kwa njia ya damu ili kutoa amri mahali pengine. Katika mwili wa mwanamume sehemu kubwa ya homoni hiyo hutengenezwa katika korodani. Ndiyo inayoota ndevu, inayozito sauti ya kijana, inayojenga misuli, inayoimarisha mifupa, inayosaidia kutengeneza chembe nyekundu za damu, na inayowasha hamu ya mwanamume. Ndani ya korodani zenyewe inahitajika ili mbegu za uzazi zikomae. Lakini korodani hazifanyi kazi kwa hiari yao. Chini ya ubongo ipo tezi iitwayo pituitari, ukubwa wake kama punje ya njegere, nayo ndiyo inayopeleka amri. Askari wataelewa upesi: tezi ni makao makuu, na korodani ni kikosi kilicho mbali. Kikosi kikileta homoni ya kutosha, makao makuu hupunguza amri. Homoni ikipungua, amri huongezeka.

Kutokana na mpango huo, upungufu unaweza kutoka pande mbili. Yamkini kikosi chenyewe kimeumia: matubwitubwi aliyoyapata mtu akiwa kijana yakashuka korodanini, au korodani ilijinyonga na kukosa damu, au iliumizwa kwa pigo, au mtu alizaliwa na hitilafu. Kwa upande mwingine, yamkini kikosi kina afya kamili lakini makao makuu yamenyamaza, kwa sababu ya uvimbe katika tezi, ama dawa fulani, ama unene, ama njaa, ama ugonjwa mzito. Mtu anayechoma sindano bila kujua upande upi una kasoro anaweza kuuficha uvimbe kichwani kwa miaka, huku akijisifu kwamba amepona.

Habari za kutafuta nguvu kwa sindano si mpya, na mwanzo wake unahusu mtu aliyezaliwa katika visiwa vya bahari yetu hii ya Hindi. Charles-Édouard Brown-Séquard alizaliwa Mauritius katika mwaka wa 1817, akawa mwanachuoni mkubwa wa elimu ya mwili huko Ufaransa. Mwaka wa 1889, akiwa na umri wa miaka 72, aliwasimulia wataalamu wenzake mjini Paris kwamba amejichoma maji yaliyokamuliwa kutoka korodani za mbwa na za panya wa Guinea, na kwamba nguvu za ujana zimemrudia. Habari hizo zilienea upesi, na wazee wa nchi nyingi wakaitaka dawa hiyo. Baadaye ikaonekana kwamba homoni hiyo haiyeyuki vizuri katika maji, kwa hiyo katika sindano zake karibu hapakuwa na kitu. Mzee yule hakuwa mwongo. Aliamini, na imani ikampandisha ngazi mbio kwa majuma machache.

Homoni yenyewe ilipatikana mwaka wa 1935, wataalamu wa Amsterdam walipotoa miligramu 10 tu kutoka karibu kilo 100 za korodani za ng'ombe dume. Mwaka huo huo Adolf Butenandt na Leopold Ruzicka, kila mmoja kwa njia yake, walionyesha jinsi ya kuitengeneza katika maabara, na wote wawili wakapata Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka wa 1939. Tangu hapo dawa ya kweli ipo. Hata hivyo kisa cha mzee wa Mauritius hakijapitwa na wakati, kwani hata leo mtu aliyechomwa sindano hujisikia vizuri siku ya kwanza, kabla dawa haijapata nafasi ya kufanya lolote.

Turudi kwa sajini wetu. Daktari amemkalisha na kuanza kumwuliza, na maswali yenyewe si ya kupendeza. Je, hamu imepungua, au hamu ipo ila mwili haukubali? Je, asubuhi anapoamka uume husimama wenyewe kama zamani? Lini aligundua mabadiliko? Yalikuja ghafula au polepole? Je, ananyoa ndevu mara chache kuliko zamani? Matiti yamevimba au yanauma? Amewahi kuvunjika mfupa kwa jambo dogo? Anaumwa kichwa, au ameanza kutoona vizuri pembeni? Analala saa ngapi, na je, mkewe anamsikia akikoroma kisha akikata pumzi?

Swali la kuamka asubuhi huwachekesha wengine, lakini lina uzito wake. Utafiti uliofanywa katika miji 8 ya Ulaya na kutangazwa mwaka wa 2010 uliwachunguza wanaume zaidi ya 3,300 wa umri wa miaka 40 hadi 79. Dalili zilizoonekana kufuatana kweli na homoni kuwa chini zilikuwa tatu hasa: hamu kupungua, uume kutosimama asubuhi, na uume kushindwa kazi wakati unapohitajika. Uchovu, huzuni na unyonge vilikuwa dalili za watu wengi mno kiasi cha kutoweza kumwonyesha mwenye upungufu. Tena, walipohesabiwa wale wenye dalili zote tatu pamoja na homoni iliyopungua, walikuwa kama watu 2 tu katika kila 100. Kwa hiyo rafiki wa ukumbi wa mazoezi, anayeona upungufu kwa kila mwanamume aliyechoka, anabahatisha vibaya sana.

Ni kweli kwamba homoni hushuka kadiri umri unavyosonga, takriban sehemu moja katika mia kila mwaka baada ya ujana kwisha. Huo si ugonjwa. Mzee wa miaka 70 haruki kama kijana, wala hajamwibia mtu kitu.

Baada ya mazungumzo huja kupima damu, na hapa makosa ni mengi. Testosteroni haikai mahali pamoja kutwa nzima. Huwa juu asubuhi na kushuka mchana. Mtu akitolewa damu baada ya chakula cha mchana anaweza kuonekana mgonjwa ilhali ni mzima. Inafaa damu itolewe kati ya saa 1 na saa 4 asubuhi, kabla ya kula, na kama kipimo kikionyesha upungufu, kirudiwe siku nyingine. Kipimo kimoja hakitoshi. Wataalamu wengi wa Marekani huweka mpaka kwenye nanogramu 300 kwa kila desilita ya damu, lakini maabara hutofautiana, na baadhi huandika kwa vipimo vingine kabisa. Msomaji asilinganishe karatasi yake na ya jirani. Vikithibitika vipimo viwili kuwa chini, daktari huongeza kipimo cha amri zinazotoka kwenye tezi, ili ajue kama kasoro iko makao makuu au kikosini, na mara nyingine kipimo cha prolaktini.

Polisi na walinzi wanaotoka zamu ya usiku wana jambo lao la kusema. Aliyekesha barabarani akaenda moja kwa moja maabara hana asubuhi ya kawaida. Mwili wake umechanganyikiwa saa. Mwambie daktari kwamba umetoka zamu, naye atakupangia siku baada ya mapumziko. Kadhalika mtu aliye na homa ya malaria, au aliyetoka kupasuliwa juzi, asipimwe homoni hii mpaka apone, kwa kuwa ugonjwa wowote mkali huishusha kwa muda.

Kuna uchunguzi ambao kila askari angependa kuusikia. Katika jeshi la Marekani yapo mafunzo magumu ya askari wa Ranger, ya majuma 8 hivi, ambapo vijana wenye afya njema hulala kidogo, hula kidogo na kutembea sana. Madaktari walipowapima damu, walikuta testosteroni ya vijana hao imeshuka mpaka kiwango cha watu waliohasiwa. Hawakupewa sindano yoyote. Walipewa chakula na usingizi, na kwa majuma machache homoni ikarudi mahali pake. Vilevile utafiti wa Chicago wa mwaka wa 2011 ulionyesha kwamba vijana 10 waliolala muda wa saa 5 tu kila usiku kwa muda wa wiki moja walipungukiwa na homoni hiyo kwa asilimia 10 hadi 15. Sajini aliyerudi kutoka misheni baada ya mwaka mzima wa zamu, joto na mashaka anapaswa kulipima jambo hili kabla ya kulilaumu umbile lake.

Yapo mengine yanayofanana na upungufu kama pacha na pacha. Kisukari huharibu mishipa midogo ya damu na neva, na wakati mwingine dalili yake ya kwanza kwa mwanamume ni hii ya chumbani. Shinikizo la damu hufanya hivyo hivyo, na baadhi ya dawa zake pia. Unene wa tumbo hushusha homoni, na kupunguza uzito huipandisha bila gharama ya dawa. Pombe nyingi huharibu ini na korodani pamoja. Halafu kuna tramadoli. Askari wengi walioumia viungo wanaijua dawa hiyo ya maumivu, na wengine wameizoea kupita cheti cha daktari. Dawa za jamii hiyo, zikitumiwa kwa muda mrefu, huinyamazisha tezi ya kichwani. Mtu anaweza kuzunguka hospitali zote za Kigali akitafuta chanzo cha unyonge wake huku chanzo kimo katika mfuko wa shati lake. Daktari hawezi kukibaini asipoambiwa, na akiambiwa hatashangaa.

Na huzuni je? Uchunguzi wa afya ya akili uliofanywa Rwanda katika mwaka wa 2018 ulikuta ugonjwa wa sonona kwa watu wapatao 12 katika kila 100 wa nchi nzima, na kwa waathirika wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka wa 1994 wapatao 35 katika kila 100. Sonona huondoa usingizi, huondoa nguvu, huondoa hamu. Mwanamume hapendi kusikia kwamba shida yake iko moyoni. Angependelea iwe korodanini, maana ya korodanini inaonekana kuwa ya heshima zaidi. Hili ni la ajabu kidogo, lakini ndivyo tulivyo. Daktari akiuliza juu ya ndoto mbaya, juu ya wenzako waliofariki, juu ya kukaa peke yako, hajaacha njia. Yuko njiani hasa.

Sasa tuseme vipimo viwili vya asubuhi vimeonyesha upungufu wa kweli, na dalili zipo. Tiba ina faida. Hamu huwa ya kwanza kurudi, mara nyingi baada ya majuma kadhaa. Misuli na mifupa huchukua miezi. Ahadi zisizidishwe lakini. Uchunguzi mkubwa wa Marekani uliotangazwa mwaka wa 2016, wa wazee 790 waliotimiza miaka 65 na zaidi, ulionyesha kwamba mambo ya ndoa yalipata nafuu ya wastani, lakini wepesi wa mwili haukuongezeka kwa kiasi cha kutajwa. Anayetafuta dawa ya uchovu tu huenda akavunjika moyo.

Dawa yenyewe huja kwa namna mbalimbali. Iko sindano ya mafuta inayochomwa kwenye msuli kila baada ya majuma 2 au 3, na iko nyingine ya muda mrefu, inayochomwa kila baada ya majuma 10 hadi 14. Iko pia jeli inayopakwa begani au mkononi kila siku. Hii jeli ina sharti ambalo mama mwenye nyumba lazima alijue: ikigusana na ngozi ya mtoto au ya mwanamke, dawa humhamia. Wamepata kuonekana watoto wadogo walioota nywele za utu uzima kabla ya wakati kwa sababu baba alipaka dawa kisha akawabeba. Mwenye kuitumia anawe mikono kwa sabuni, afunike mahali alipopaka, na asimpakate mtoto kabla ya kuoga. Mama mjamzito asiiguse kabisa.

Lakini jambo zito kuliko yote, na ndilo lililotusukuma kuandika makala hii, ni la uzazi. Tulisema kwamba homoni ikiwa nyingi katika damu, makao makuu hupunguza amri. Homoni ya sindano nayo huhesabiwa. Tezi huona damu imejaa, hunyamaza, na korodani zilizokosa amri huacha kutengeneza mbegu. Mwanamume anajisikia simba, mkewe anafurahi, na wakati huo huo mbegu zinapungua mpaka pengine zisionekane kabisa kwenye darubini. Dawa aliyoinunua ili awe mwanamume kamili imemzuia kuwa baba. Akiacha sindano, aghalabu mbegu hurudi, lakini huenda ikachukua miezi 6, au mwaka, au hata miaka 2, na wapo wachache ambao hazikurudi kama zamani.

Kumbukeni kwamba mke wa sajini wetu anataka mtoto wa 3. Sajini hakulisema hilo kwa daktari, kwa sababu aliona halihusiani. Kumbe hilo ndilo neno ambalo lingegeuza matibabu yote. Kwa mtu anayetaka mtoto, testosteroni haifai. Daktari bingwa anaweza kutumia dawa za namna nyingine, zinazoiamsha tezi au kuchukua mahali pa amri zake, ili korodani zifanye kazi zenyewe. Kwa hiyo sentensi ya kwanza ya kumwambia daktari, hata kabla ya kueleza chochote, iwe hii: "Mimi na mke wangu bado tunataka kuzaa," au, "Tumekwisha maliza kuzaa." Sentensi hiyo mtu aiamue nyumbani pamoja na mkewe, asiiamue peke yake akiwa amekaa kwenye benchi la hospitali.

Mwenye kuanza tiba hafungiwi mlango akaachwa. Damu yake hupimwa tena baada ya miezi michache, kwani dawa hii huongeza chembe nyekundu na kuifanya damu iwe nzito. Kipimo cha uzito huo, kiitwacho hematokriti, kikipita asilimia 54, dawa husimamishwa au kupunguzwa. Sisi wa Kigali tunakaa juu ya vilima, kiasi cha mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na damu ya watu wa nyanda za juu huwa nzito kidogo kuliko ya watu wa pwani. Kwa hiyo kipimo cha kabla ya kuanza kisirukwe. Tezi dume nayo huchunguzwa, hasa kwa waliovuka miaka 40, kwa sababu aliye na saratani ya tezi hiyo huweza kudhurika. Kuhusu moyo, wanaume zaidi ya 5,200 waliokuwa na ugonjwa wa moyo au hatari ya kuupata walifuatiliwa katika uchunguzi uliotangazwa mwaka wa 2023. Shambulio la moyo na kiharusi havikuzidi kwa waliopata dawa kuliko kwa wasioipata, ila mapigo ya moyo yasiyo na mpangilio na damu kuganda kwenye mapafu vilionekana zaidi kidogo. Mwenye historia ya mambo hayo aseme.

Tuseme pia habari za wauzaji. Kuna chupa ndogo zinazopita mkono kwa mkono katika kumbi za mazoezi, zenye maandishi ya lugha za mbali, na mwenye kuziuza huapa kwamba ni kitu halisi. Kiasi kinachochomwa na wanyanyua vyuma ni kikubwa mara nyingi kuliko cha tiba, na akiacha, mwili wake uliokwisha sahau kutengeneza homoni humwacha akiwa dhaifu kuliko alipoanza. Kuna vilevile poda na vidonge vya "miti shamba tupu". Hatudharau dawa za wazee wetu. Lakini wakaguzi wa dawa katika nchi nyingi wamepima bidhaa za aina hiyo na kukuta zimetiwa kwa siri sildenafili, dawa ya hospitali inayopanua mishipa ya damu. Mgonjwa wa moyo anayetumia dawa za jamii ya nitrati akimeza mchanganyiko huo bila kujua, shinikizo la damu linaweza kuanguka akapoteza maisha. Kama umekwisha tumia, usifiche. Chukua chupa yenyewe uipeleke, daktari aisome.

Wapi pa kuanzia? Mwenye mituweli huanza katika kituo cha afya cha karibu, na hupelekwa hospitali ya wilaya, kisha ya rufaa ikihitajika. Wanajeshi na jamaa zao wenye kadi ya MMI wanaifahamu Hospitali ya Jeshi ya Rwanda iliyoko Kanombe, ambayo hutibu raia pia. Iko pia CHUK, na Kacyiru iko Hospitali ya Mfalme Faisal. Kabla ya kutolewa damu, uliza bima yako inalipa kipimo kipi, kwa sababu vipimo vya homoni havimo katika kila mkataba, na madaktari bingwa wa homoni ni wachache. Daktari wa kawaida anaweza kuanza kazi hiyo vizuri sana akipewa maelezo kamili.

Lipo kwa askari tatizo ambalo raia hana: mara nyingine daktari mwenyewe ana nyota begani. Unaingia chumbani, mkono unataka kupiga saluti, na mdomo unataka kusema "hakuna shida, afande." Hapo mtu ajikaze. Mwenye koti jeupe anakusikiliza kama mgonjwa, na siri ya mgonjwa ni amana yake. Kama hata hivyo ulimi unagoma, andika mambo yako katika karatasi usiku uliotangulia: lini yalianza, dawa zote unazomeza, usingizi, pombe, ajali, matubwitubwi ya utotoni, watoto. Ukikaa, mpe daktari karatasi hiyo kabla hajauliza habari za mgongo.

Mke anaweza kwenda pamoja, ikiwa wote wawili wanapenda. Yeye ndiye anayejua nani anakoroma. Yeye ndiye aliyeona lini baba watoto alianza kuketi kwenye kiti cha barazani mpaka saa 6 usiku ili asiingie chumbani wakati mwenzake yu macho. Wanawake wengi hudhani kuwa mume aliyepoa amepata mwingine, na kimya cha mume huthibitisha wasiwasi huo. Mume naye hudhani kwamba mke anamdharau. Watu wawili wanalala kitanda kimoja, kila mmoja na kesi yake ambayo mwenzake hajaisikia.

Sajini wetu ametoka hospitali bila sindano. Amepewa karatasi ya kupimwa damu siku ya Jumanne, saa 1 na nusu asubuhi, kabla ya chai, na agizo la kulala mapema siku tatu kabla ya hapo. Tramadoli aliyokuwa akiimeza tangu alipoumia goti ameambiwa aipunguze kidogo kidogo kwa mpango wa daktari, asiiache kwa siku moja. Sukari ya damu itapimwa siku hiyo hiyo. Jioni mkewe amemwuliza, "Umemwambia?" Naye akajibu kwamba yote amesema, ila la mtoto alilisahau. Mama akachukua kalamu, akaliandika nyuma ya ile karatasi ya maabara.